Asilimia 64 ya Nini? Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Kupuliza

Tangu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Tanzania mwezi Mei 2024, moshi wa kuni na mkaa umekuwa gumzo redioni, bungeni na kwenye makundi ya WhatsApp. Lengo la Serikali ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Gumzo hilo limeamsha swali ambalo bango la kampeni halina nafasi ya kulijibu: aliyechochea kuni kwa miaka 30 atajuaje kama mapafu yake yameshaathirika?

Wachache wanaofika hospitali yenye mashine ya kupima mapafu hupulizishwa, hupewa karatasi iliyojaa namba na michoro, na jioni picha ya karatasi hiyo inazunguka kwenye kundi la familia. Mmoja anaona 64% na kutangaza kwamba mama kabakiwa na pafu moja na robo. Mwingine anatuliza watu: 64 kwa kidato cha nne ni C, kafaulu. Shangazi anauliza kama kuna dawa ya kupandisha hizo asilimia. Hakuna hata mmoja aliyesoma namba inayopaswa kusomwa kwanza.

Namba hiyo ipo pembeni, mara nyingi haina alama ya asilimia, na ndiyo inayoamua kama ugonjwa tunaoutafuta upo au haupo. Asilimia 64 huja baadaye sana, na maana yake inategemea mama analinganishwa na nani.

Maswali mawili tu

Kipimo chenyewe kinaitwa spirometri. Mashine yake ni spiromita. Hakipimi oksijeni, hakipigi picha, hakitafuti vijidudu. Kinauliza maswali mawili. La kwanza: ukijaza mapafu mpaka pomoni kisha ukapuliza kwa nguvu mpaka mwisho, hewa yote iliyotoka ni lita ngapi? Jibu huandikwa kwenye karatasi kwa herufi FVC. La pili: katika hewa hiyo, iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza ni kiasi gani? Hiyo ni FEV1.

Ukigawanya FEV1 kwa FVC unapata uwiano. Uwiano wa 0.80 maana yake ni kwamba katika kila lita kumi za hewa, nane zimetoka ndani ya sekunde moja. Vijana wenye afya hucheza karibu na hapo au zaidi. Umri ukisonga uwiano hushuka polepole hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote.

Fikiria madumu mawili ya maji. La kwanza ni la lita 20, lakini mdomo wake umesokomezwa tambara. Likiinamishwa, maji yatatoka karibu yote, ila kwa kuchuruzika. La pili ni la lita 5 lenye mdomo wazi: maji yanatoka kwa kishindo na kwisha mara moja, kwa sababu yalikuwa machache. Mapafu yenye njia za hewa zilizobana ni dumu la kwanza. Ujazo unaweza kuwepo, kasi haipo, na uwiano unashuka. Hali hii tuiite kuziba. Humo wamo pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao madaktari huuita COPD na ambao ndani yake kuna bronkaitisi sugu na emfisema. Mapafu yaliyosinyaa ni dumu la pili. Ujazo ni mdogo, lakini kilichopo kinatoka kwa kasi nzuri, kwa hiyo uwiano unabaki wa kawaida au hata kupanda. Makovu ya mapafu, vumbi la mawe lililoganda ndani, uti wa mgongo uliopinda, maji kifuani, unene uliokithiri na misuli dhaifu ya kupumulia vyote vinaweza kuleta hali hiyo.

Karatasi ya mama

Tuchukue karatasi ya mfano. Namba nimezitunga mwenyewe, lakini karatasi za namna hii ni za kawaida. Mama ana miaka 58 na urefu wa sentimita 158. Hajawahi kuvuta sigara. Amepikia kuni tangu utotoni, anakohoa makohozi kila asubuhi kwa miaka mitatu sasa, na akipanda kilima kwenda kanisani lazima asimame njiani mara mbili.

Karatasi ina safu tatu: kilichopimwa, kilichotarajiwa, na asilimia. FVC yake ni lita 2.40, ilitarajiwa 2.75, sawa na asilimia 87. FEV1 ni lita 1.40, ilitarajiwa 2.20, sawa na asilimia 64. Uwiano ni 1.40 kugawanya kwa 2.40, yaani 0.58.

Anza na uwiano. Mpaka unaotumiwa na miongozo ya kimataifa ya COPD, inayojulikana kwa jina la GOLD, ni 0.70. Yeye ana 0.58, chini ya mpaka. Kuna kuziba. Kisha angalia FVC: asilimia 87, ujazo uko vizuri, hakuna dalili ya kusinyaa. Sasa ndipo unakuja kwenye ile 64 iliyotetemesha ukoo mzima, na kazi yake ni moja: kusema kuziba huko ni kwa kiasi gani. Haisemi kwamba sehemu 36 katika mia za mapafu zimekufa. Inasema kwamba hewa anayotoa mama katika sekunde ya kwanza ni asilimia 64 ya ile ambayo mwanamke mwenye afya wa umri wake na urefu wake angetarajiwa kutoa.

Bado hatujafika kwenye jina la ugonjwa, maana mtu mwenye pumu angeweza kutoka na karatasi ileile. Kwa hiyo mama anapewa salbutamol, dawa ileile ya pampu ya bluu ya wenye pumu, kawaida mipulizo minne kupitia chombo cha plastiki kinachosaidia dawa ifike ndani. Anasubiri dakika 15, anapuliza tena. FEV1 sasa ni 1.48, FVC ni 2.50, uwiano 0.59.

Imepanda mililita 80. Je, ni nyingi? Kanuni ya zamani, ambayo mashine nyingi bado zinaitumia, ilidai ongezeko la angalau asilimia 12 na mililita 200 kwa pamoja. Kanuni mpya ya vyama vya madaktari wa mapafu wa Marekani na Ulaya, iliyochapishwa mwanzoni mwa 2022, inataka ongezeko linalozidi asilimia 10 ya kile kilichotarajiwa. Kwa mama huyu ni zaidi ya mililita 220. Kwa kanuni yoyote kati ya hizo, 80 haitoshi. Dawa imegusa kidogo, kuziba kumebaki.

Sasa unganisha: dalili za miaka, moshi wa miongo, na uwiano ulio chini ya 0.70 hata baada ya dawa. Hapo ndipo daktari anaandika COPD. FEV1 baada ya dawa ni asilimia 67, na kwa ngazi za GOLD hiyo ni ya pili kati ya nne: ya kwanza ni asilimia 80 na kuendelea, ya pili 50 hadi 79, ya tatu 30 hadi 49, ya nne chini ya 30. Ngazi hiyo nayo si kipimo cha mateso. Wapo wa ngazi ya tatu wanaolima, na wapo wa ngazi ya pili wanaolazwa mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana daktari makini atauliza pia unatembea umbali gani kabla ya kuishiwa pumzi, na kifua kilikubana vibaya mara ngapi mwaka uliopita.

Mpaka wa 0.70 wenyewe una ubishi. Ni namba moja kwa watu wote, na kwa kuwa uwiano hushuka na umri, mzee wa miaka 75 asiye na tatizo anaweza kupata 0.68 akaitwa mgonjwa, huku kijana wa miaka 25 mwenye 0.72 akiambiwa yuko salama ilhali kwa umri wake ameshuka. Wataalamu wengi sasa wanapendelea kikomo cha chini kinachokokotolewa kwa umri na urefu wa kila mtu, ambacho huwaacha chini yake watu watano tu katika kila mia wenye afya. Kwenye karatasi mpya utakiona kama alama ya z: ikiwa chini ya minus 1.645, umevuka kikomo. Mimi ningependa karatasi zote zioneshe vyote viwili. Vikikubaliana, kama kwa mama huyu, mjadala umekwisha. Vikitofautiana, rudia kipimo siku nyingine kabla ya kumbandika mtu jina la ugonjwa wa maisha. GOLD nao wanashauri kurudia pale uwiano baada ya dawa unapoangukia kati ya 0.60 na 0.80.

Kwa nini mpimaji anapiga kelele

Vipimo vingi vya hospitali havihitaji bidii yako. Unatoa damu, unalala kwenye mashine, basi. Hiki ni kinyume chake. Mgonjwa akipuliza vibaya, mashine haina njia ya kujua alichokuwa nacho mapafuni.

Mama anakaa wima, miguu imegusa sakafu, mkanda wa gauni umelegezwa, pua imebanwa kwa kibanio. Midomo imefumbata mrija wenye chujio jipya. Mpimaji anasimama karibu naye: "Mama, vuta hewa, vuta, vuta, jaza kabisa. Haya, puliza! Toa! Endelea, endelea, endelea, bado ipo, endelea, kidogo tena..." Aliyekaa nje ya mlango anaweza kudhani hiki ni chumba cha kujifungulia. Baada ya sekunde tatu mama anahisi hewa imekwisha, macho yanamtoka, anataka kuachia. Mashine inaonesha bado inatoka, nyembamba sana. Mpimaji anaendelea kumsukuma mpaka mstari kwenye kioo ulale, aghalabu zaidi ya sekunde sita.

Sasa tazama kinachotokea akiruhusiwa kuachia kwenye sekunde ya tatu. FEV1 haitabadilika, ni ileile 1.40, kwa sababu sekunde ya kwanza ilishapita. Lakini FVC itasomeka, tuseme, 1.90 badala ya 2.40. Gawanya: 1.40 kwa 1.90 ni 0.74. Kuziba kumetoweka! Na kwa kuwa 1.90 ni asilimia 69 tu ya iliyotarajiwa, karatasi itanong'ona kwamba mapafu yamesinyaa. Mama yuleyule, mapafu yaleyale, ugonjwa mwingine kabisa, na pengine anapelekwa kutafutiwa makovu yasiyokuwepo huku akikosa pampu aliyoihitaji. Kosa hili ni la hatari kwa sababu linafanya namba ya kwanza ionekane nzuri.

Makosa mengine hayajifichi hivyo. Asiyejaza mapafu mwanzoni hushusha namba zote mbili. Anayeanza kupuliza taratibu, au anayekohoa ndani ya sekunde ya kwanza, huharibu FEV1, na mpulizo huo hutupwa. Taratibu zinataka mipulizo mitatu inayokubalika, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Mtu mzima anaweza kujaribu hadi mara nane. Asipofikia hapo, aende nyumbani arudi siku nyingine. Mashine nyingi za sasa huandika herufi ya ubora kwenye karatasi, A ikiwa bora kabisa na F ikiwa haifai. Ukiona D au chini yake, usianze kulia wala kushangilia. Uliza kama kipimo kitarudiwa.

Maandalizi ni machache lakini yana uzito: usivute sigara wala kufanya mazoezi mazito ndani ya saa moja kabla, usinywe pombe siku hiyo, usivae nguo ya kubana, na muulize daktari kama uache pampu yako kabla ya kupima. Ukiwa umetoka kupata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo hivi karibuni, sema kabla ya kushika mrija. Na kama kuna shaka ya kifua kikuu, makohozi yapimwe kwanza, kwa sababu kupuliza kwa nguvu huleta kikohozi, na chumba cha kupimia mara nyingi ni kidogo.

Anayefanana na wewe ni nani?

Turudi kwenye safu ya katikati, ile ya kilichotarajiwa. Watu huipita kama haipo, nami naiona ndiyo yenye historia nzito kuliko zote. Nani alisema mwanamke wa miaka 58 mwenye sentimita 158 atarajiwe kutoa lita 2.20 katika sekunde ya kwanza?

Aliyeanzisha mchezo huu ni John Hutchinson, daktari wa upasuaji wa Uingereza, ambaye mwaka 1846 alichapisha vipimo alivyochukua kwa watu zaidi ya 2,000 kwa kutumia spiromita aliyoiunda mwenyewe: askari, mabaharia, polisi, wapiganaji wa mieleka. Aligundua kwamba ujazo wa mapafu hupanda na urefu wa mtu na hupungua na umri. Mpaka leo, umri, urefu na jinsia ndizo taarifa ambazo mpimaji lazima aziingize kabla hujapuliza. Akikosea urefu wako, safu nzima ya matarajio inapinda, kwa hiyo usikubali kuulizwa tu una urefu gani. Upimwe.

Kisha likaingia jambo la nne. Mwaka 1851 daktari wa Kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitumia spiromita kudai kwamba mapafu ya watu weusi ni duni, na kwamba kazi ya kulazimishwa ya utumwa inawafaa kiafya. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, takwimu za wanajeshi zilizochapishwa 1869 zilionesha tena ujazo mdogo kwa weusi, bila kuhesabu njaa, magonjwa na maisha waliyotoka nayo. Wazo hilo likatulia ndani ya vitabu, na hatimaye ndani ya programu za mashine: mpimaji akichagua "mweusi", kilichotarajiwa kinashushwa kwa asilimia kati ya 10 na 15 hivi.

Mwaka 2012 jopo la kimataifa la vipimo vya mapafu, GLI, lilitoa milinganyo mipya, yaani fomula za kukokotoa kilichotarajiwa, iliyokusanya vipimo vya watu wenye afya zaidi ya 74,000 kutoka nchi 26, umri wa miaka 3 hadi 95. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kundi la weusi humo lilijengwa kwa Wamarekani weusi, si kwa mkulima wa Njombe wala mama lishe wa Kisumu. Mwaka 2022 jopo hilohilo likatoa mlinganyo mmoja usiouliza rangi, na 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kikapendekeza utumike kwa wote.

Kwa familia iliyoshika karatasi, hili si somo la historia. Mashine iliyoachwa kwenye mpangilio wa Wazungu inaweza kumpa mama yetu asilimia iliyo chini ya 60. Ikiwa kwenye mpangilio wa Wamarekani weusi, inaweza kumpandisha hadi karibu na 70. Pumzi ni ileile. Ndiyo maana ni upuuzi kulinganisha asilimia ya hospitali moja na ya hospitali nyingine bila kuangalia chini ya karatasi pameandikwa mlinganyo gani. Kwa bahati nzuri uwiano hauyumbishwi hivyo, kwa sababu unagawanya hewa ya mtu kwa hewa ya mtu huyohuyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na uwiano.

Wapo wanaouliza kama kufuta rangi kutawafanya watu wengi wa kwetu waonekane wagonjwa. Kwa kiasi, ndiyo: FVC zilizo chini ya matarajio zitaongezeka. Lakini mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, akakosa lishe, akaugua nimonia mara kwa mara na kulelewa kwenye moshi, mapafu yake huenda hayakukua kufikia uwezo wake. Kushusha matarajio ili aonekane wa kawaida ni kuificha hasara hiyo ndani ya hesabu.

Pumu, kifua kikuu, na visivyofanana

Tofauti ya pumu na COPD kwenye karatasi ni kwamba kuziba kwa pumu hubadilika. Leo kupo, kesho hakupo. Dawa ikipulizwa, FEV1 huruka. Ndiyo maana karatasi nzuri haifuti pumu: mgonjwa anaweza kupima siku ambayo njia zake ziko wazi. Kuna kifaa kidogo cha bei nafuu cha kupulizia, kinachopima kasi ya juu ya hewa, ambacho mgonjwa hupuliza asubuhi na jioni nyumbani kwa wiki kadhaa. Hakichukui nafasi ya spiromita katika kuitafuta COPD, lakini kwa pumu kinaonesha kupanda na kushuka ambako ziara moja ya hospitali haiwezi kukuona.

Kifua kikuu kinachanganya zaidi. Dawa za miezi sita zinaua vijidudu, hazirudishi nyama ya mapafu iliyoliwa. Aliyepona anaweza kubaki na njia za hewa zilizopinda na kuziba, au makovu yaliyosinyaza mapafu, au vyote viwili. Anakohoa, anahema, anakonda, na picha ya eksirei inaonesha makovu. Kinachofuata mara nyingi ni kuanzishiwa tena dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayana kitu. Mtu wa namna hii alihitaji kipimo cha kupuliza tangu siku alipomaliza dozi.

Wachimbaji wana mkasa wao. Vumbi la mwamba wenye silika, kama lile la machimbo ya tanzanite ya Mirerani, huleta silikosisi, yaani makovu ya mapafu yatokanayo na vumbi hilo, na silikosisi humfungulia mlango kifua kikuu. Karatasi ya mchimbaji inaweza kuonesha kusinyaa, kuziba, au mchanganyiko. FVC na uwiano vyote vikiwa chini, spirometri pekee haiwezi kusema kama mapafu yamesinyaa kweli au hewa imenaswa ndani ikashindwa kutoka, kwa sababu mashine hupima hewa inayotoka tu na haioni inayobaki. Hapo panahitajika kupima ujazo wote wa mapafu, na vifaa vya kazi hiyo viko hospitali chache mno.

Kuhusu imani zinazozunguka, chache zinatosha. Ile ya kuzuia pumzi kwa sekunde kumi, iliyosambaa wakati wa Uviko-19 mwaka 2020, haikuwahi kuwa kipimo cha mapafu. Mtu mwenye COPD ya ngazi ya kwanza ataizuia bila tabu. Kifaa cha kidoleni kikisoma 98, maana yake oksijeni kwenye damu inatosha kwa sasa, na wagonjwa wengi wa COPD husoma hivyo kwa miaka. Eksirei ya kifua inaweza kuwa safi kabisa wakati uwiano umeshashuka.

"Sijawahi kuvuta sigara" ni kinga pungufu sana kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi tajiri sigara inachangia zaidi ya asilimia 70 ya COPD, lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 30 hadi 40 tu. Sehemu kubwa ya mzigo uliobaki ni moshi wa majumbani. Ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na karibu asilimia 90 ya wanaokufa nao kabla ya miaka 70 wako katika nchi hizo za kipato cha chini na cha kati.

Na kwa wanaohofia kwamba ukianza pampu mwili utaizoea: pampu haizoeshi mwili. Inatumika kila siku kwa sababu ugonjwa upo kila siku.

Itunze karatasi

Shangazi aliuliza kama asilimia zinaweza kupandishwa. Kwa pumu, mara nyingi ndiyo. Kwa COPD, kilichopotea hakirudi kwa kiasi kikubwa. Dawa hupunguza kuhema na mashambulio, na kuondoka kwenye moshi au sigara hupunguza kasi ya kushuka. Baada ya miaka 25 hivi kila mtu hupoteza FEV1 kidogo kidogo, takriban mililita 25 hadi 30 kwa mwaka. Tunachotaka kujua ni kama mama anashuka kwa mwendo huo au kwa mwendo mkali zaidi, na hilo karatasi moja haiwezi kulijibu.

Kwa hiyo isiishie kwenye simu. Itunze pamoja na kadi ya kliniki, ipelekwe mwaka ujao, na linganisha lita kwa lita, zote za baada ya dawa, ikiwezekana mashine ileile na saa zilezile. FEV1 ikitoka 1.48 kwenda 1.40, usitishike, kupishana kwa kiasi hicho kunaweza kuwa ni kupuliza tu. Taratibu za kimataifa za mwaka 2005 zilisubiri mabadiliko ya angalau asilimia 15 kwa mwaka kabla ya kuyahesabu kuwa ya kweli. Ikitoka 1.48 kwenda 1.20, ni asilimia 19: daktari aulizwe siku hiyohiyo, akianzia na namna mama anavyoitumia pampu, kisha jiko analopikia sasa.